Nilikuwa na asilimia 10, sasa naambiwa 6.5

Mwanangu mshauri, salaam.

Nakuandikia kwa sababu nimegombana na mpwa wangu, na sijui kama nimemwonea au yeye ndiye aliyenionea.

Mimi ni mstaafu wa miaka 63, kwangu ni Changamwe. Nimefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini miaka 31, kwa hiyo karatasi hazinitishi. Nimesoma hati za meli, fomu za forodha na barua za mabenki mpaka macho yakachoka. Lakini karatasi aliyoniletea huyu kijana imenishinda.

Mwaka 2019 alinijia na mwenzake. Walikuwa wanatengeneza programu ya simu ya kuwakutanisha wenye malori na wenye mizigo, ili lori lililoshusha Nairobi lisirudi Mombasa tupu. Jambo hilo nalijua. Nimewaona madereva wakikaa Mlolongo, karibu na Nairobi, siku tatu wakitafuta mzigo wa kurudi nao, mwisho wanaondoka bila kitu na mafuta yanawaka. Nikaona vijana wana akili. Nikatoa shilingi milioni 2 katika kiinua mgongo changu. Tukaandikishana: kampuni ina hisa 1,000,000, mpwa wangu 600,000, mwenzake 300,000, mimi 100,000. Asilimia 10. Mke wangu alinuna wiki nzima, baadaye yakamwisha.

Tangu siku hiyo sijaona shilingi ya faida, wala sikudai. Kijana anafanya kazi, hilo siwezi kumnyima. Leo wana wafanyakazi 22, ofisi Nairobi na kijichumba hapa Mombasa.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani Jumapili. "Mjomba, tumepata mwekezaji." Ni mfuko wa kutoka nje, utaweka shilingi milioni 40 na kuchukua asilimia 20. Nikafurahi, nikampigia dua. Akasema kuna karatasi ya kutia saini, ya kawaida tu, akaituma kwenye simu ya mjukuu wangu maana yangu imepasuka kioo.

Usiku nikavaa miwani nikaisoma. Ukurasa wa nne una jedwali. Mpwa wangu 39. Mwenzake 19.5. Mwekezaji 20. Halafu mstari mmoja: "Akiba ya opsheni za wafanyakazi, 15." Mimi nimewekwa chini kabisa, 6.5.

Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha. Mwekezaji akichukua 20, mimi mwenye 10 ningebaki na 8. Ile moja na nusu imekwenda wapi? Nikampigia simu usiku ule ule. Akasema, "Mjomba, hiyo ni ya wafanyakazi. Hisa zako hazijaguswa, bado ni 100,000 zile zile." Nikamwambia, chai ukiitia maji kikombe ni kile kile, lakini hiyo si chai tena. Akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoniudhi. Nikamwita mwizi. Sasa dada yangu hanisemeshi, na Ijumaa iliyopita hakuleta hata salamu.

Mwanangu, mimi wafanyakazi siwachukii. Lakini wao wanalipwa mshahara kila mwezi, mimi sijalipwa kitu tangu 2019. Kwa nini wapewe hisa zangu? Nina hisa za Safaricom nilizonunua 2008, kampuni ile ina wafanyakazi maelfu, na sijawahi kusikia kwamba nimepunguziwa.

Kuna maneno mengine mawili nimeyapigia mstari. Moja linasema naiacha haki yangu ya kununua hisa mpya kwanza, "kwa toleo hili na matoleo yote yajayo". La pili linasema opsheni zitatolewa kwa "wafanyakazi, wakurugenzi na washauri, kama bodi itakavyoona inafaa". Wanataka saini kabla ya mwisho wa mwezi.

Nimeibiwa? Nitie saini au nisitie?

Mjomba, Changamwe

*

Shikamoo mzee wangu.

Nianze na lile neno ulilomwita mpwa wako, maana ndilo linalowauma nyote. Hajakuibia. Lakini pia hakukueleza yote, na kumcheka mjomba aliyekutolea kiinua mgongo si adabu. Tena katika yale maneno mawili uliyoyapigia mstari, moja lina hatari kuliko hiyo moja na nusu uliyokuwa ukiitafuta nyuma ya bahasha. Macho yako bado ni ya mtu wa bandarini.

Tuanze na opsheni yenyewe. Opsheni bado si hisa. Ni ahadi ambayo kampuni inampa mfanyakazi: ukikaa nasi, tutakuruhusu ununue hisa kadhaa kwa bei tuliyoiandika leo, hata ikiwa siku utakayonunua bei imepanda mara kumi. Kwa kawaida ahadi hiyo huiva kidogo kidogo kwa miaka 4, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha huondoka mikono mitupu. Mpaka atakapolipa na kuandikwa kwenye daftari la wanahisa, hapigi kura wala hapati mgao wa faida. Hata ukienda eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, leo ukaomba CR12 ya kampuni, yaani hati rasmi yenye orodha ya wanahisa, utaona majina matatu tu, lako likiwemo. Mwenye opsheni haonekani pale.

Sasa tuangalie fedha inatoka wapi. Tuchukue fundi mmoja wa programu, tuseme aliajiriwa 2020 na kuahidiwa hisa 10,000 kwa shilingi 20 kila moja, bei ile ile uliyonunulia wewe. Mwekezaji wa leo ananunua kwa shilingi 130. (Nimeitoa kwenye jedwali lako: milioni 40 kwa hisa 307,692.) Fundi akija na shilingi 200,000, anaondoka na hisa za thamani ya milioni 1.3. Ile milioni 1.1 ya tofauti haikutoka benki wala kwenye sanduku la kampuni. Imetoka kwenu wenye hisa, kila mmoja kwa kadiri yake, bila yeyote kuingiza mkono mfukoni. Wahasibu wana njia yao ya kulipima hili. Wanasema ile laki 2 aliyoileta ingetosha kununua hisa 1,538 kwa bei ya leo, kwa hiyo kati ya zile 10,000, hisa 8,462 ndizo zilizowapunguza kwelikweli.

Umeuliza kwa nini mtu mwenye mshahara apewe na hisa. Jibu ni kwamba mara nyingi mshahara wenyewe ni nusu. Fundi mzuri Nairobi anatakiwa na mabenki na makampuni ya simu, na kampuni ya vijana wawili na mjomba mmoja haiwezi kushindana nao kwa fedha taslimu. Inamwambia: pokea kidogo sasa, kilichobaki utakipata tukifanikiwa. Mshahara wa fedha hulipwa na kampuni, na wa opsheni hulipwa na wanahisa. Kwa hiyo wewe, mzee, kama opsheni zimekwisha kutolewa, umekuwa ukiwalipa watu wale sehemu ya mshahara wao na hakuna aliyekuambia. Ukiona uchungu, una haki.

Si wewe wa kwanza kuona hivyo. Kule Marekani ugomvi huu ulidumu miaka. Makampuni yalikuwa yakigawa opsheni kwa wingi bila kuziandika kama gharama, hivyo faida kwenye vitabu ilionekana nono kuliko ilivyo. Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa huko, aliwauliza wanahisa wake swali ambalo hakuna aliyelijibu vizuri: kama opsheni si malipo, ni nini basi, na kama malipo si gharama, ni nini? Mwaka 1994 waliotaka gharama hiyo iandikwe walishindwa, Seneti yenyewe ikiwapinga kwa kura 88 dhidi ya 9. Ikabidi yaanguke makampuni makubwa kama Enron na WorldCom, watu wapoteze akiba za uzeeni, ndipo kanuni zikabadilika. Microsoft iliacha opsheni 2003, ikaanza kuwapa wafanyakazi hisa zenyewe. Kanuni ya kimataifa, IFRS 2, ikaanza kutumika 2005, na Kenya inafuata kanuni hizo za uhasibu. Kwa hiyo hesabu za kampuni ya mpwa wako zinapaswa kuwa na mstari wa gharama ya opsheni zilizokwisha tolewa. Omba hesabu za miaka mitatu iliyopita uutafute. Ukiukosa, ama hawajatoa opsheni yoyote bado, ama mhasibu wao amelala.

Wewe umetaja chai, mimi nitakwenda kwenye nazi. Tui zito ukilitia maji umelizimua, hapo sina ubishi. Lakini mwekezaji haleti maji, analeta nazi ya pili. Sufuria inajaa zaidi na tui linabaki zito, ingawa fungu lako katika sufuria limekuwa dogo. Mfanyakazi hana nazi, ana mbuzi ya kukunia na mkono wa kukuna, na nazi isiyokunwa haijawahi kumpa mtu tui. Wa kuangaliwa ni yule asiyeleta nazi wala mbuzi, lakini kikombe anacho mkononi.

Tuangalie sufuria yako basi. Mwaka 2019 uliweka milioni 2. Kwa bei ya mwekezaji, kampuni nzima baada ya fedha yake ni milioni 200, na 6.5 yako ni milioni 13. Akiba ya opsheni isingekuwepo, ungebaki na 8 kama ulivyokokotoa, yaani milioni 16. Hivyo moja na nusu yako ina bei: milioni 3, za kwenye karatasi. Nasema za kwenye karatasi kwa sababu hakuna anayekuja Changamwe kesho kukununua. Tena wawekezaji wa namna hii mara nyingi hujiwekea sharti kwamba kampuni ikiuzwa, wao warudishiwe fedha yao kwanza. Ikiuzwa kwa milioni 40 tu, wanaweza kuzoa zote, na 6.5 yako ikawa pambo. Tafuta sharti hilo kwenye kurasa usizozisoma. Lipo, au nashangaa.

Nani aliyebeba akiba hii ya 15? Hapa ndipo mpwa wako alipaswa kukaa nawe na kalamu. Mwekezaji amesema kampuni ina thamani ya milioni 160 kabla ya fedha yake, na mkijumlisha na 40 zake inakuwa 200. Inapendeza masikioni. Lakini kabla ya kugawanya hiyo 160 kwa idadi ya hisa, ameziongeza hisa 230,769 za akiba, ambazo bado hazina mwenyewe. Kwa bei ya 130, hizo ni milioni 30. Kwa hiyo kile mlichokijenga ninyi watatu tangu 2019 amekithamini kwa milioni 130, na 30 zilizobaki ni za watu ambao pengine hawajaajiriwa. Yeye mwenyewe hapunguzwi hata punje: anaingia na 20, akiba ipo tayari, anabaki na 20. Kama akiba ingetengwa baada ya yeye kuingia, mngeibeba pamoja, yeye angeshuka hadi 17 na wewe ungekuwa na 6.8. Tofauti yake kwako si kubwa, sehemu 3 katika 1,000. Huu ndio utaratibu wao karibu kila mahali, wala hawauonei haya. Mimi nisingevunja mpango mzima kwa ajili yake. Ningependa tu ujue kwamba anayelipia wafanyakazi wa kesho ni wewe na vijana wako peke yenu.

Kitu kinachobishika ni ukubwa wa akiba. Kwa nini 15? Muulize mpwa wako: mtaajiri nani katika miezi 18 ijayo, kwa kazi gani, na kila mmoja mmempangia kiasi gani? Akikuletea orodha yenye majina ya kazi na hisa pembeni, ijumlishe. Orodha ikifika 9 au 10, basi 15 ni tarakimu iliyookotwa hewani, na hasara yake ni yenu. Akiba ikiwa 10, wewe unabaki na 7, bei ya hisa inapanda hadi 140, na karatasi yako inasoma milioni 14. Swali hilo moja lina thamani ya milioni 1 kwako, na kwa mpwa wako mwenye hisa 600,000 ni milioni 6. Atalisikiliza.

Faraja moja ndogo: opsheni ambazo hazikutolewa kwa mtu hazimpunguzi mtu. Kampuni ikiuzwa kabla hazijagawiwa, zinafutwa na fungu lake linarudi kwenu nyote. Siku fedha ya mwekezaji itakapoingia, ukihesabu hisa zilizokwisha tolewa tu, utakuwa na asilimia 7.65. Hiyo 6.5 ni sakafu ya mpango huu, siku ambayo opsheni zote zitakuwa zimenunuliwa. Sakafu ya mpango huu, nasema, kwa sababu mwekezaji wa pili akija ataomba akiba ijazwe upya.

Safaricom uliyoitaja ni nzuri kwa kulinganisha. Hisa zake ni 40,065,428,000, na mpango wake wa kuwazawadia wafanyakazi umekuwa ukinunua hisa zilizokwisha kuwepo, sokoni, kupitia amana, yaani mfuko unaozishika kwa niaba yao. Hisa mpya hazichapishwi, kwa hiyo fungu lako la 2008 halisogei. Lakini fedha ya kuzinunulia ni fedha ya kampuni, ambayo ingeweza kuja kwako kama mgao wa faida. Mkubwa analipa kwa fedha kwa sababu anayo. Mpwa wako hana.

Sasa lile neno la hatari. "Wafanyakazi, wakurugenzi na washauri, kama bodi itakavyoona inafaa."

Mpwa wako ni mfanyakazi wa kampuni. Ni mkurugenzi pia. Mwenzake vile vile. Wanaokaa kwenye bodi ni nani? Wao wawili, na mtu wa mwekezaji. Maana yake ni kwamba watakaoamua nani apewe opsheni wanaweza kujipa wenyewe, na kwa bei watakayoiona inafaa. Tuseme mwakani bodi inampa mpwa wako opsheni 100,000 kwa shilingi 20. Akizinunua anakuwa na hisa 700,000, na katika hesabu ile ya hisa zote anapanda kutoka 39 hadi 45.5. Mwenzake naye anapewa zake. Wewe uko pale pale, 6.5. Yaani mchana mlipunguzwa wote watatu kwa pamoja, mkasikitika pamoja, halafu usiku wawili wakajirudishia. Aliyepunguzwa kweli ni mjomba peke yake, na tena kwa jina la wafanyakazi.

Sisemi kijana ana nia hiyo. Inawezekana kabisa sentensi ile imetoka kwa wakili aliyeinakili kutoka mkataba mwingine, hata mpwa wako hajaisoma. Lakini wewe umekaa bandarini miaka 31, unajua kwamba karatasi haiulizwi nia.

Kwa hiyo omba mambo mawili yaandikwe, usikubali ya mdomo. La kwanza, waasisi wasipewe opsheni kutoka akiba hii, na ikilazimika wapewe, wanahisa wengine waidhinishe na wao wawili wasipige kura siku hiyo. La pili, bei ya opsheni isishuke chini ya thamani ya hisa siku inapotolewa, kwa tathmini ya mtu wa nje. Fundi akiahidiwa kwa 130 leo, atakula katika kile kitakachoongezeka baada ya yeye kufika, na hapo sioni sababu ya wewe kulalamika. Akiahidiwa kwa 20, anakula pia katika kilichokuwepo kabla hajaja.

Neno lako jingine, haki ya kununua kwanza, ni jepesi kidogo. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya 2015 inampa mwenye hisa nafasi ya kununua hisa mpya kabla hazijauzwa kwa mgeni, ila katiba ya kampuni binafsi inaweza kuiondoa, kwa hiyo isome yenu kwanza. Hisa za mpango wa wafanyakazi zimeachwa nje ya haki hiyo tangu mwanzo, hivyo haki hii isingekukinga na opsheni hata ungeishikilia kwa mikono miwili. Inakuhusu kwa zile 307,692 za mwekezaji. Ukitaka fungu lako la asilimia 10 ya hizo, lete shilingi milioni 4. Unazo? Na kama unazo, mama atanuna wiki ngapi safari hii? Iache kwa toleo hili, wala usijute. Lakini yale maneno "na matoleo yote yajayo" yakate kwa kalamu na uweke saini ndogo pembeni. Hakuna sababu ya kuwapa leo haki ya miaka ambayo bado haijafika, na mwekezaji makini hatakukimbia kwa hilo.

Usijidanganye kuhusu nguvu zako, mzee. Hata azimio maalumu, ule uamuzi mzito wa wanahisa, linataka asilimia 75 ya kura, na vijana wako wana 90. Kwa kura huwezi kuwazuia. Ulicho nacho ni kwamba mwekezaji anataka kila mwenye hisa awemo kwenye mkataba, na hapendi kuanza ndoa na mjomba aliyenuna. Ipo pia njia ya Mahakama Kuu kwa mwenye hisa mdogo anayeendeshewa kampuni kwa namna ya kumdhulumu. Uijue kwamba ipo, uiache kabatini. Hamjafika huko, na kesi ya namna hiyo inaweza kula milioni 2 nyingine.

Jibu langu basi: tia saini, baada ya sentensi ya wakurugenzi kurekebishwa na ile ya matoleo yajayo kukatwa. Ukubwa wa akiba upiganie, lakini usiufanye sharti la kufa na kupona.

Kabla ya hayo yote mpigie dada yako. Neno la mwizi lifute mbele yake kwanza, maana kwa kijana litafika lenyewe. Kisha liangalie tena lile jedwali la ukurasa wa nne, mstari wa kwanza. Mpwa wako alikuwa na 60, kampuni ilikuwa yake. Sasa ana 39, na kuanzia siku ya saini hataamua jambo kubwa bila kumwomba mtu mwingine. Nawaza kama kicheko chake cha usiku ule kilikuwa cha dharau, au cha mtu ambaye hesabu zake mwenyewe zimemtia baridi na hataki mjomba ajue.

Mwite nyumbani. Kaichapisheni karatasi yote pale saiba, kurasa zote, si ule wa nne peke yake, maana mkataba wa fedha kama hizi hausomwi kwenye simu ya mtoto. Tafuta wakili wa Mombasa anayefanya kazi za makampuni, ambaye si wakili wao. Ada yake mwachie mpwa wako alipe nusu. Wakikataa kuigusa ile sentensi ya wakurugenzi, niandikie tena, na kalamu usiishike kabla sijakujibu.